Princess Mononoke: ni filamu ya kutunza misitu, au ni hadithi tano zilizogombana ndani ya filamu moja?

#1 Kalamu ya Mwanzi

Wakuu, salaam. Kila inapotajwa humu filamu ya Princess Mononoke, ambayo Hayao Miyazaki aliiandika na kuiongoza katika studio ya Ghibli na ikaanza kuonyeshwa Japani Julai 1997, huwa inamalizwa kwa sentensi moja: ni katuni ya kutufundisha kutunza mazingira. Naona sentensi hiyo inaipunja sana, na nimekuja na hoja ambayo naomba muikosoe bila huruma.

Tazameni wahusika wanatoka wapi. Ashitaka ametoka kwenye hadithi za kale za mwana wa mfalme aliyelaaniwa, anayeondoka kwao usiku akiwa amepanda mnyama wake kwenda kutafuta chanzo cha laana. San na mbwamwitu waliomlea wametoka kwenye visasili, ambamo miungu ina manyoya na meno. Askari wa bwana Asano wametoka kwenye filamu za samurai ambazo Wajapani wenyewe wamezitengeneza kwa mamia. Mtawa Jigo ametoka kwenye hadithi za ujasusi na ulaghai. Bibi Eboshi, mwenye mji wa kuyeyusha chuma, ametoka kwenye riwaya ya mwenye kiwanda, ya watu wanaohesabu zamu, gunia la mchele na bei ya bidhaa.

Kila utanzu una sheria yake. Katika kisasili, kumuua mungu wa msitu ni najisi ambayo lazima ilipwe, ilhali katika hadithi ya kiwanda mungu huyo huyo ni kikwazo kilichokalia mali ghafi. Wanapokutana hawabishani tu kuhusu msitu. Kila mmoja anamhukumu mwenzake kwa sheria ambayo mwenzake hajawahi kuisikia. Ndiyo maana nasema mchanganyiko wa tanzu katika filamu hii si pambo, bali ndio maelezo yake kuhusu jamii. Swali langu: nani mwenye makosa, na kwa sheria ya nani?

#2 Bint Shangani

Mwenye makosa ni aliyefyatua risasi. Filamu inaanza na Nago, mungu wa nguruwe pori, aliyegeuka pepo la laana kwa sababu ya kipande cha chuma kilichokaa mwilini mwake, na Eboshi mwenyewe anakiri mbele ya Ashitaka kwamba ni yeye aliyempiga. Hizo tanzu tano ni mbwembwe za watu waliosoma, mkuu.

#3 Fundi Mkaa

Dada Bint Shangani, umeishia katikati ya onyesho. Eboshi anakiri hayo baada ya kumchukua Ashitaka hadi kwenye nyumba iliyojitenga ambamo wagonjwa waliofungwa bandeji mwili mzima wanaunda magobori mepesi kwa ajili ya wanawake wa mji. Hapo mkono wa kulia wa Ashitaka, ule wenye laana, unaanza kuvuta upanga wenyewe, naye anaushika kwa mkono wa kushoto kuuzuia. Eboshi hakimbii, anauliza kwa utulivu kama mkono huo unataka kumuua. Kisha mgonjwa aliyelala kitandani, ambaye hata uso hauonekani, anamsihi mgeni asimdhuru, kwa kuwa Eboshi peke yake ndiye aliyewatendea kama binadamu, akawaosha nyama iliyooza na kuwafunga vidonda bila kuogopa.

Mkono ulikuwa na sheria yako wewe: aliyefyatua auawe. Filamu imemweka mtu mwingine aushike mkono huo.

#4 Daktari Mstaafu

Asante kwa kuwataja wagonjwa hao, kwa sababu wengi huwapita haraka. Filamu haiutaji ugonjwa wao kwa jina la kitabibu, lakini Miyazaki alisema miaka mingi baadaye kwamba aliwakusudia wagonjwa wa ukoma, na kwamba wakati akiifikiria kazi hii alikwenda Tama Zenshoen, makazi ya wagonjwa hao yaliyoko pembezoni mwa Tokyo.

Ukiitazama tarehe, ishara hiyo inakuwa nzito zaidi. Japani ilianza kuwatenga wagonjwa wa ukoma kwa sheria mwaka 1907, ikaikaza mwaka 1931, kisha ikatunga nyingine mwaka 1953, wakati tayari dawa zilikuwa zimepatikana. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1996, yaani mwaka mmoja tu kabla ya filamu kutoka, na ni mwaka 2001 ndipo mahakama ya Kumamoto ilipoamua kwamba serikali iliwakosea watu hao. Kwa hiyo mtazamaji wa Kijapani wa mwaka 1997 alipoona bandeji zile hakuwa anatazama mambo ya karne ya 15 peke yake.

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi katika makazi ya wagonjwa wa ukoma. Matibabu ya dawa mseto yaliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 yalikuwa yamefika, watu wakawa wanapona kabisa, lakini ndugu hawakuja kuwachukua. Waliobaki hawakulilia chakula wala dawa, waliomba kazi. Mzee mmoja ambaye vidole vyake vilikuwa vimekwisha alisuka mikeka kwa kushika ukindu kwa meno, na alikataa katakata kulipwa zaidi ya wengine. Ndiyo maana naliamini lile onyesho la magobori. Eboshi amewapa wagonjwa kitu ambacho hata sisi wenye koti jeupe hatukuwapa. Ninachobaki kujiuliza ni kwa nini kazi yenyewe iwe ya silaha, na jibu langu ni kwamba anawaokoa na kuwatumia kwa wakati mmoja, bila yeye mwenyewe kuona tofauti.

#5 Tochi ya Sinema

Nimesomea filamu, hivyo naomba nirekebishe jambo moja katika #1. Ni kweli kuna samurai humu, lakini Miyazaki katika maelezo yake ya awali ya mradi alieleza wazi kwamba watu waliozoeleka katika filamu za historia, yaani samurai, mabwana na wakulima wa mpunga, hawataonekana kwa wingi, na wakionekana watakuwa pembeni. Aliowaleta mbele ni wayeyusha chuma, waendesha maksai, wawindaji, wagonjwa, wanawake waliotolewa madanguro, na watu wa msituni. Fikra hii inafanana mno na ya mwanahistoria Yoshihiko Amino, ambaye alitumia maisha yake kupinga dhana kwamba Japani ya kale ilikuwa nchi ya wakulima wa mpunga pekee, na Miyazaki alikuwa msomaji wake.

Kwa hiyo utanzu wa samurai haukualikwa kwenye meza hii sawa na wengine. Umeletwa ili upigwe. Askari wa Asano karibu wote hawana majina, nyuso zao zimefunikwa na kofia za chuma, na mara ya kwanza tunapokutana nao wanawachinja wanakijiji wasio na silaha. Mshale wa Ashitaka unaikata mikono ya mmoja wao na kuibandika kwenye mti. Katika filamu ya kawaida ya samurai, huyo ndiye angekuwa shujaa.

#6 Nahodha wa Jangwani

Wakuu, naomba msaada wa tarehe. Kama kuna bunduki, basi hii ni baada ya Wareno kutua Tanegashima mwaka 1543. Sasa mbona mnasema karne ya 15?

#7 Tochi ya Sinema

Nahodha, silaha za Eboshi si bunduki za Wareno. Ni mirija ya baruti ya mkono yenye asili ya China, na Eboshi mwenyewe anasema kwamba zile za nchi ya Ming ni nzito mno, ndiyo maana amewaagiza wagonjwa waunde nyepesi. Filamu imewekwa ndani ya enzi ya Muromachi, iliyoanza mwaka 1336 na kwisha mwaka 1573, na haitaji mwaka wowote. Miyazaki alikuwa anatafuta kipindi ambacho mamlaka ya zamani yamelegea na mapya hayajakaza, na wazee wa kijiji cha Ashitaka wanalisema jambo hilo waziwazi mwanzoni.

#8 Mjukuu wa Mhunzi

Nimefurahi kwamba mmefika kwenye chuma, kwa sababu hapo ndipo filamu inapofanya jambo la kijasiri kuliko yote, nalo halionekani kwa mtu asiyejua kazi ile.

Tanuri la Kijapani la namna ile huitwa tatara. Hujengwa kwa udongo, hulishwa mchanga wenye chuma na mkaa kwa zamu, huku mivukuto ikisukuma hewa mchana na usiku, na mwisho tanuri lenyewe huvunjwa ili kutoa donge la chuma lililokaa chini. Kazi hiyo bado inafanywa kila mwaka huko Okuizumo katika mkoa wa Shimane, kwa ajili ya chuma cha panga: takriban tani 10 za mchanga na mkaa wa zaidi ya tani 10 hutoa donge la tani mbili na nusu hivi. Fikirieni msitu unaokwenda humo.

Sasa, mungu wa wahunzi wa eneo hilo anaitwa Kanayago, naye ni wa kike, na mapokeo yanasema anawachukia wanawake. Mwanamke hakuruhusiwa kuingia kwenye jengo la tanuri, na fundi mkuu alijiepusha hata na maji ya kuoga aliyotumia mwanamke. Halafu anakuja Miyazaki anawaweka wanawake wakanyage mivukuto, tena wale waliotoka kwenye madanguro, na mmoja wao, Toki, anamweleza Ashitaka kwamba zamu moja ni siku nne na usiku tano. Hii si historia. Ni uzushi wa makusudi uliopandikizwa katikati ya maelezo ambayo karibu mengine yote ni sahihi kiasi cha kumridhisha fundi. Hata ukubwa wa jengo lile umesogezwa, kwa kuwa majengo makubwa ya kudumu ya tatara yalienea baadaye, enzi ya Edo.

Mwiko wenyewe si wa Wajapani peke yao. Kule Ufipa, mkoani Rukwa, tanuri refu la kuyeyushia chuma lilipambwa kama bibi harusi, na mafundi walijitenga na wake zao hadi kazi iishe. Babu yangu alikuwa mhunzi wa kufua tu, hakuyeyusha, lakini hata yeye hakutaka mwanamke aruke mpini wa nyundo yake. Kwa hiyo nilipowaona wale wanawake wakicheka huku wakikanyaga, nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na mbwamwitu anayesema.

#9 Karafuu Kavu

Uzi ulianza kuhusu katuni, sasa ni kikao cha wahunzi. Tukifika ukurasa wa tatu tutapewa leseni.

#10 Mama Zamu

Karafuu, waache wahunzi, tunajifunza. Mimi nataka kukaa hapo hapo kwenye mivukuto.

Nimefanya kazi zamu ya usiku katika kiwanda cha nguo, na onyesho ninalolipenda ni lile Ashitaka anapoomba naye akanyage. Anakanyaga kwa nguvu na kwa pupa, wanawake wanafurahi, lakini wanamwambia kwamba kwa mwendo ule hatafika mbali. Aliyelichora aliijua kazi: mgeni wa zamu hutambulikana kwa kutumia nguvu zote saa ya kwanza. Anapowauliza kama maisha yao ni magumu, jibu lao ni kwamba ni magumu, lakini ni afadhali kuliko mjini, kwa kuwa hapa wanashiba na wanaume hawawatawali.

Kuna wanaosema kwamba Eboshi ni mkombozi wa wanawake, na kuna wanaosema ni mnyonyaji mwenye sauti nzuri. Mimi nasema wanawake wenyewe wameshalijibu swali hilo kwa kipimo chao, na kipimo hicho si uhuru wala haki. Ni kulinganisha mahali walipotoka na mahali walipo. Nasi kiwandani tulilinganisha hivyo hivyo. Msimamizi wetu alijua tunalinganisha, na alihakikisha hatupati mahali pa tatu pa kulinganisha napo.

#11 Bint Shangani

Mama Zamu, hiyo sentensi yako ya mwisho ndiyo hoja yangu. Mtu akikuokoa, akakupa wali, kisha akakupa gobori ulinde ghala lake, bado ni yeye aliyeamua mlima ukatwe. Na kumbukeni ni nani aliyebaki kuulinda mji Asano aliposhambulia: Eboshi alikuwa ameondoka na askari kwenda kuua mungu, wanawake na wagonjwa wakaachwa kwenye ngome.

#12 Fundi Mkaa

Naomba niseme kuhusu huo mlima, kwa kuwa nimechoma mkaa kabla ya kuhamia kwenye ufundi wa majiko.

Watu hudhani kwamba mkaa na msitu haviwezi kukaa pamoja. Mjukuu wa Mhunzi ametaja Okuizumo. Huko huko wahunzi waligawa milima kwa mafungu na kukata kila fungu baada ya miaka 30 hivi, miti ikachipua tena, na mabonde yaliyochimbwa mchanga wa chuma yakageuzwa kuwa mashamba ya mpunga. Kwa hiyo chuma hakikuwa lazima kiue msitu. Mji wa Eboshi ni mji wa haraka, ambao haujapata kizazi cha pili cha kufikiria mambo hayo.

Lakini kuna jambo ambalo sijaona mtu akilitaja popote. Katika filamu nzima, wanaopanda miti ni nyani. Wanakuja usiku kwenye mlima ulio uchi, wanapanda, watu wanawafukuza kwa risasi na kuing'oa miche. Baadaye wanamjia San na kulalamika kwamba wamepanda na kupanda na watu wanang'oa, msitu haurudi. Na hapo hapo wanadai wapewe Ashitaka wamle, ili wapate nguvu za binadamu. Sasa niambieni, katika filamu ambayo mnaiita ya mazingira, kwa nini wapanda miti pekee wamepewa sura za kutisha, macho mekundu, na njaa ya nyama ya mtu? Ingekuwa ya mafunzo, nyani wale wangeimba.

#13 Kalamu ya Mwanzi

Fundi, umenipa ushahidi bora kuliko wangu. Nyani wale wamekata tamaa na sheria ya utanzu wao. Wanaona kisasili kinashindwa, na njia waliyoiona ni kuila nguvu ya utanzu mwingine. Mzee Okkoto, mungu wa nguruwe aliyepofuka, naye anasema kwamba watu wa kabila lake wamekuwa wadogo na wajinga, na kwamba wasipopigana watageuka kuwa nyama ya kuwindwa tu. Yaani anaogopa kuhamishwa kutoka hadithi ya miungu kwenda hadithi ya mawindo.

#14 Mweka Hazina

Mkuu, tanzu tanzu tanzu. Mbona hakuna anayetaja fedha?

Rudini kwenye onyesho la sokoni, kabla Ashitaka hajafika mjini kwa Eboshi. Ananunua mchele na kulipa kwa punje ya dhahabu. Mwanamke muuzaji anakasirika, anasema hicho si pesa. Jigo anaingilia kati, anaitambua dhahabu, anauliza umati kama kuna mbadilishaji fedha, na papo hapo wezi wanaanza kumfuata kijana. Wakati ule pesa ya Japani ilikuwa sarafu za shaba zilizoletwa kutoka China. Ashitaka anatoka kwa Waemishi wa kaskazini-mashariki, watu walio nje ya mzunguko huo. Kwake dhahabu ni kitu tu. Muuzaji yumo ndani ya mzunguko lakini chini kabisa, hivyo thamani kubwa imepita mikononi mwake asiijue. Anayejua bei ya kila kitu ni mtawa.

Halafu linganisheni na onyesho la barua. Jigo analeta barua ya Kaizari inayoruhusu kumuua mungu wa msitu, Eboshi anawaonyesha wanawake na kuwauliza kama wanajua ni ya nani, nao hawajui. Amri ya Kaizari haijawafikia, ilhali mchele wa sokoni unawafikia migongoni mwa maksai. Hiyo kwangu ndiyo ramani ya mamlaka katika filamu hii, na haihitaji nadharia ya tanzu.

#15 Mlima wa Kaskazini

Nashukuru kwa kuwataja Waemishi, maana wamesahaulika katika uzi huu. Kijijini kwao wanakumbuka kwamba imepita miaka zaidi ya 500 tangu washindwe vita na Yamato, yaani dola ya kale ya Wajapani. Ashitaka anapopata laana, hakuna anayemlaumu, lakini anakata nywele zake mbele ya wazee, na kuanzia hapo ni kama amekufa. Hairuhusiwi hata kumsindikiza. Binti mmoja, Kaya, anavunja sheria hiyo na kumpa kisu chake cha jiwe linalong'aa.

Wapo wanaosema Waemishi hawa ni Waainu wa Hokkaido kwa jina jingine. Uhusiano upo, lakini wanahistoria hawajakubaliana kwamba ni watu wale wale, kwa hiyo tusiunganishe haraka. Ninachokiona mimi ni kwamba mhusika mkuu wa filamu ya historia ya Japani anatoka kwa watu walioshindwa na historia hiyo. Hana deni kwa Kaizari, wala kwa Asano, wala kwa Eboshi. Ndiyo maana ana haki ya kutazama kwa macho yasiyo na chuki, kama mkongwe wa kijiji alivyomwagiza.

#16 Bint Shangani

Na kisu kile alichopewa na Kaya, alimpa San. Mshitakiwa wa pili huyo.

#17 Karafuu Kavu

Hapa namuunga mkono dada. Miaka yote nimesubiri mtu aseme.

#18 Tochi ya Sinema

Mnacheka, lakini kisu hicho ni mfano mzuri. Katika utanzu wa mapenzi, zawadi ya mchumba wa kwanza haihamishwi. Katika hadithi ya safari ya shujaa, kitu alichopewa kijijini lazima kifike mahali kinapohitajika. Filamu imeifuata sheria ya safari na kuivunja ya mapenzi, ndiyo maana watazamaji hawakubaliani hadi leo.

Mwisho wake ni hivyo hivyo. Mungu wa msitu amepigwa risasi hadi kichwa kikakatika, mwili wake umemwagika kama lami nyeusi na kuua kila ilichogusa, kichwa kimerudishwa, jua limechomoza, upepo umepita na milima imeota majani. San anamwambia Ashitaka kwamba anampenda, lakini hawezi kuwasamehe binadamu. Ashitaka anakubali: yeye atakaa mjini kusaidia kuujenga upya, San atakaa msituni, naye atakuwa anakwenda kumwona. Hakuna harusi na hakuna kuagana. Mimi nasema hapo utanzu wa mapenzi umekataliwa makusudi, kwa sababu ndoa ingekuwa njia rahisi ya kuonyesha kwamba pande mbili zimepatana.

#19 Daktari Mstaafu

Ningeongeza kwamba kilichoota si msitu ule. Ule wa mwanzo, wenye mashina yaliyovaa kuvu na maji yanayopita chini ya mizizi, ulichorwa baada ya wasanii wa Ghibli kwenda kisiwa cha Yakushima na milima ya Shirakami, sehemu mbili ambazo UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1993. Kinachoonekana mwishoni ni majani na vichaka vya nchi iliyo wazi. San analiona hilo. Anasema hata msitu ukirudi hautakuwa tena wa mungu yule. Na kwenye kiganja cha Ashitaka alama imefifia tu. Kwa macho ya tabibu, huyo amepona, lakini kovu lipo, kama wale wazee wangu wa mikeka.

#20 Nahodha wa Jangwani

Mimi naona ni filamu ya matumaini. Hata tangazo lake lilikuwa na neno moja tu la mwandishi wa matangazo Shigesato Itoi: Ishi! Eboshi amepoteza mkono lakini anasema watajenga mji mzuri. Na kama mnataka mji wa kazi usio na dhambi ya risasi, nendeni kwenye Spirited Away ya mwaka 2001, ambako msichana wa miaka 10 anaingia mkataba kwenye nyumba ya kuogea miungu na...

#21 Karafuu Kavu

Nahodha, ile ina uzi wake. Usitutoe hapa.

#22 Mweka Hazina

Nina swali kwa wote wanaotafuta mwenye makosa. Nago amekufa. Moro, mbwamwitu aliyemlea San, amekufa, ingawa kichwa chake kilichokatika kiliruka na kuung'oa mkono wa Eboshi. Okkoto amekufa. Mungu wa msitu amekwenda. Eboshi amepoteza mkono na mji wake umeteketea. Jigo je? Amekaa kwenye mwamba, anacheka, anasema kwamba wajinga hawashindiki. Hakupata alichotumwa, lakini hakupoteza hata kidole.

#23 Bint Shangani

Basi mmekubali kwamba kuna mwenye makosa, mmebadilisha mshitakiwa tu. Jigo alitumwa. Wawindaji, askari wa magobori aliokuja nao kumwazima Eboshi, barua, vyote vilitoka kwa Kaizari aliyetaka kichwa cha mungu ili asife. Huyo ndiye.

#24 Kalamu ya Mwanzi

Lakini Kaizari haonekani hata mara moja katika filamu ya zaidi ya saa mbili, dada. Hana uso, hana sauti, hana utanzu. Ukimfanya yeye ndiye mwenye makosa, umewaachia huru wote tuliowaona wakitenda.

#25 Mama Zamu

Mwenye kiwanda chetu pia hatukuwahi kumwona, na mishahara ilikatwa vilevile. Kutoonekana hakumtoi mtu kwenye kesi.

#26 Mjukuu wa Mhunzi

Mama Zamu, hapo ndipo ninapotofautiana nawe. Kaizari angekufa usiku ule, Eboshi angeamka asubuhi na kwenda kukata mlima, kwa sababu tanuri likishawashwa lazima lilishwe hadi siku ya nne. Alimhitaji Kaizari kwa ajili ya kibali na askari; msitu alikuwa ameshauanza siku nyingi, na Nago alipigwa kabla barua haijatajwa. Kama mnataka kumshitaki asiyeonekana, shitakini kwanza wanaonunua chuma kile. Nao hawamo kwenye filamu.